Mama Yake Bibi Zuwena

Sitaanza na ukoo wetu. Niliwahi kuuandika mara moja, wote, kwa wino mweusi na kalamu ya mwanzi, tangu babu wa saba aliyeondoka Sharqiya, huku huku Omani, hadi watoto waliozaliwa Unguja na waliozaliwa hapa Maskati, na yaliyotokana na karatasi ile yananitosha. Nianze na wiki iliyopita, nyumbani kwa Ami Khalfan, Ghubra. Wanawake tumekaa chumba cha ndani, yeye ameshakoshwa na kukafiniwa, nje wanaume wanangoja kumbeba. Salim, mjukuu wake anayefanya kazi benki, akasimama nyuma ya mlango, akakohoa kama alivyofundishwa, akaniita. "Shangazi Nasra, samahani. Mama yake Babu alikuwa akiitwa nani? Mwalimu anauliza, kwa ajili ya talkini." Sisi ni Mashafi, na kwetu maiti akishafukiwa mwalimu hukaa penye kichwa cha kaburi, akamwita kwa jina lake na jina la mama yake, la mama, si la baba, kisha akamkumbusha namna ya kujibu atakapoulizwa nani Mola wake na nani Mtume wake. "Zuwena," nikamwambia. "Khalfan mwana wa Zuwena." Akashukuru akenda zake. Mimi nikabaki nimekishika kitasa cha mlango, siwezi kukiachia, na wenzangu wakaja kunishika mabega wakidhani namlilia Ami. Ami nilikuwa nikimlilia pia.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasi tulikaa Darsait, ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya kushona viti vya magari. Baba yangu alikuwa ameshafariki, Ami Khalfan, kaka yake, ndiye aliyetulea, na nyumba yenyewe ilikuwa chini ya amri ya mama yao, Bibi Zuwena, ingawa Ami alijidhania vingine. Chumba cha Bibi kilikuwa cha mwisho ukumbini, na dirisha lake lilifunguka juu ya karakana, kwa hiyo kutwa kilinuka gundi. Bibi alifukiza udi asubuhi na jioni kushindana nayo. "Gundi yao na udi wangu," akisema, "tutaona nani atachoka mwanzo." Chini ya kitanda aliweka mabati ya biskuti yaliyojaa vitu ambavyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvigusa. Ijumaa Ami alileta nguru kutoka Sidab, akiwa bado na magamba, na Bibi akakaa juu ya kibao mlangoni mwa jiko kuniamrisha namna ya kumpaka. Tui tulilipata la unga, la kwenye pakiti, na kila Ijumaa alilionja kwa ncha ya ulimi akasema lile neno lake moja, "Chokaa." Kisha akala sahani nzima. Mimi nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, nalisema hili mapema ili yanayofuata yasije yakaeleweka kwamba nilikuwa sijali.

Ami alifanya kazi wizarani. Siku moja alirudi na uso umemshuka, kwa sababu wazee wa kabila huko Sharqiya walikuwa wametuma salamu kwamba kila tawi lilete shajara yake, mti wa ukoo ulioandikwa, na hasa hasa sisi tuliorudi kutoka Unguja. Ilikuwa ikisemwa, nasi tuliisikia ikisemwa, kwamba hawa Wazinjibari mtu yeyote anaweza kushuka uwanja wa ndege na jina la kabila mkononi. Ami alikuwa mtu wa heshima zake na neno lile lilimkaa kifuani. Katika nyumba yetu mwenye hati nzuri ya Kiarabu nilikuwa mimi, na aliyekuwa na majina kichwani ni Bibi, kwa hiyo kazi ikawa ya sisi wawili. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja mbele yangu na kila mtu alilijua. Hamed, kijana wa mmoja wa wazee wale, alifanya kazi ofisi moja na Ami, na alishakuja kula kwetu mara mbili. Nilimwona kwa ufa wa mlango wa jiko. Alichukua sahani yake mwenyewe akaileta mpaka mlangoni, akaiweka chini bila ya kutazama ndani, akasema, "Mikono yenu isalimike." Basi, ni hilo tu. Nilimtaka kwa jambo dogo kama hilo. Kwao walishatoa neno, lakini baba yake alisema atangoja kwanza aione shajara.

Tulifanya kazi baada ya alasiri. Bibi alilala chali, miguu yake mapajani mwangu, mimi nikimsugua kwa mafuta ya nazi nyayo zilizopasuka, na daftari liko juu ya mto. Alikuwa na masharti. Mtu aliyemkera hakutaka aandikwe siku hiyo. "Huyo mwache kesho, leo nnaweza kumzulia." Aliwataja kwa nyumba, chumba kwa chumba, kana kwamba anapita mlangoni kuwasalimu. Huyu alikuwa akikaa ghorofani na kifua, huyu akila peke yake. Baada ya wiki moja aliomba daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma kwa kidole kama asomavyo msahafu, akacheka. "Mti gani huu wa wanaume watupu? Hawa walizaliwa na nani?" Ndipo tukaanza upya, na chini ya kila jina nikawa naandika kwa herufi ndogo jina la mama. Sijui mti mwingine ulioandikwa hivyo. Ulikuwa mzuri, na nilijivunia.

Tulifika kwake yeye mwishoni, maana alikuwa ameolewa na mtoto wa ami yake na jina lake lilikuwamo upande wa baba. Mimi bila ya kufikiri nikauliza, "Na mama yako ni Bi Ghaniya, siyo?" Bi Ghaniya tulimjua kwa sifa, bibi mkubwa wa Kiarabu wa nyumba ile ya Unguja. Bibi aliitoa miguu mapajani mwangu, akakaa kitako.

"Bi Ghaniya mke wa baba yangu," akasema. "Kanilea, Mungu amrehemu, hajanipiga hata siku moja. Lakini hajanizaa. Mama yangu alikuwa suria."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo likisemwa juu ya nyumba za watu wengine. Sikuwahi kulisikia kwetu. Bibi akanieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza namna ya kumpaka nguru. Mama yake aliletwa kutoka bara akiwa msichana, kwao ni Unyamwezi. Baba wa nyumba akamweka ndani, akazaa mtoto mmoja, yeye, na kwa sheria mtoto ni wa baba, Mwarabu kamili, ana jina na ana haki. Mama aliendelea kulala chumba cha nyuma karibu na jiko. Bibi alipokuwa na kama miaka saba homa ikamchukua mama yake, akazikwa siku ile ile, na mtoto akahamishiwa ghorofani kwa Bi Ghaniya, akavishwa nguo mpya.

"Nyumbani walimpa jina la Tausi," akasema. "Masuria wote walipewa majina ya namna hiyo, ya maua na ndege. Lakini mimi kanambia jina lake mwenyewe. Alikuwa anakuna nazi, nami nimekaa ubavuni pake. Kaniinamia sikioni, kanambia, jina nililopewa na mama yangu ni Kalunde. Kanambia, lifiche, utakuja kulihitaji."

"Kulihitaji kwa nini, Bibi?"

"Si ntakufa? Siku ile wataniita kwa mama yangu. Wakiniita binti Ghaniya mimi ntanyamaza, mwanangu. Ntadhani wanamwita mtu mwengine." Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Nnataka uliandike. Sijapata kumwambia mtu, hata babu yako. Nnakwambia weye kwa sababu weye unaandika."

Nililiandika mbele yake, kwa penseli, chini ya jina lake. Akalisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi, midomo ikicheza. Akarudi kulala, akanirudishia miguu yake mapajani. "Ahadi?" akauliza akiwa ameshafumba macho. "Ahadi, Bibi," nikasema. Nimeishi miaka mingi, nimeahidi mengi na mengi nimeyatimiza, na hakuna hata moja linalonisaidia ninapoikumbuka hiyo.

Ami aliipitia rasimu siku ya Ijumaa baada ya chakula, mikeka bado haijakunjwa, mikono yetu bado inanuka samaki. Bibi alikuwa amekwenda kulala. Aliisoma polepole na akafurahi, nakumbuka alivyofurahi, akinigonga bega kila alipokutana na jina alilodhani limepotea. Kisha kidole chake kikasimama.

"Hili nani kakwambia?"

"Bibi mwenyewe."

Sitaki kumwonea mtu aliyezikwa juzi, kwa hiyo naandika alichosema na si zaidi. "Nasra, mwanangu, hawa watu wanatafuta kitu kimoja tu. Wakikiona hawatatazama majina mengine yote. Watasema tumeingia kwa mlango wa jiko."

"Basi tufute mama wote, Ami. Tubakishe wanaume."

"Nshawaambia kwamba mama wamo. Nilijisifu nao. Tukiwatoa sasa watajua tunaficha." Akaivuta rasimu karibu. "Andika Ghaniya. Kwani uongo? Ndiye aliyemlea." Halafu, bila ya kunitazama, akasema, "Na baba yake Hamed ataisoma yeye mwenyewe."

Hakunishika mkono. Watoto wangu nilipowahadithia haya walimlaumu yeye, na mimi huwaambia kwamba Ami hakuwa na hati ya kuandika hata barua. Mkono ulikuwa wangu. Nilichukua kifutio nikalifuta jina la Kalunde kwenye rasimu, nikaupuliza ule unga ukaanguka juu ya mkeka, na wiki nzima iliyofuata nikanakili mti wote kwa wino juu ya karatasi kubwa. Nilipofika penye Bibi niliandika Ghaniya kwa hati nzuri kabisa kuliko majina yote, sijui kwa nini, labda kwa woga. Nilikuwa nikiandika na nikimwona Hamed akiweka ile sahani chini.

Shajara ilipelekwa Sharqiya, ikasomwa, ikagongwa muhuri, ikarudi. Ami akaitia fremu ya kioo akaitundika sebuleni, akamwita mama yake aje aone. Bibi alitoka chumbani na ushungi wake wa kwendea kwa watu. Alisimama karibu sana na ukuta, akaweka kidole juu ya kioo akaanza juu kabisa, kwa babu wa saba, akashuka. Hakuruka mtu. Ami alikuwa akimweleza hapa nani na pale nani na yeye akiitikia, "Ndiyo, baba. Ndiyo." Alipofika kwake alisimama. Kidole kilipita mara moja, kikarudi mwanzo, kikapita tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sinia ya kahawa. Nilidhani atapiga kelele, na nilitaka apige. Akageuka akanitazama, akasema, "Hati yako nzuri, mwanangu." Akarudi chumbani kwake na kahawa hakunywa.

Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Aliendelea kuniita mwanangu na kuniuliza kama nimekula. Lakini jioni nilipoingia na chupa ya mafuta alikuwa ameshavaa soksi. "Usijisumbue, mwanangu, leo haziniumi." Kesho yake pia hazikumuuma. Sikumgusa tena nyayo zake mpaka alipokufa, na hayo ndiyo yaliyonivunja moyo, ile adabu yake. Nilikuwa nimekuwa mgeni. Mara moja nilijipa ushujaa nikamwambia, "Bibi, nitaiandika upya. Baada ya harusi tu, nakuahidi." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Baada ya harusi utazaa," akasema. "Ukizaa utataka kuwaoza watoto." Akaendelea kutoa vijiwe, akiviweka kimoja kimoja ukingoni mwa ungo.

Alikufa miezi minne baadaye, asubuhi, akiwa amekaa kitandani akingoja chai. Tulimkosha nyumbani, nikasaidia kummiminia maji miguuni. Adhuhuri mwalimu alikuja sebuleni, nami nilikuwa nyuma ya pazia lililotenga ukumbi, namwona Ami kwa pembeni. Mwalimu akauliza kwa upole, "Marehemu, mama yake nani?" Ami alifungua mdomo. Naapa nilimwona akifungua mdomo. Akageuka tu, akautazama ukuta. Mwalimu akafuata macho yake, akasogea penye fremu, akatafuta, akapata. "Ghaniya," akasoma. "Masha Allah, mmehifadhi vizuri." Nilikuwa mbali naye hatua tatu. Ningeweza kusema kutoka pale pale nyuma ya pazia, neno moja, hakuna ambaye angeniona uso. Hata kama ningesema hatujui ingetosha, maana maiti ambaye mama yake hajulikani huitwa kwa Hawa, mama wa watu wote, na hilo lingekuwa kweli. Harusi ilikuwa imebaki wiki sita. Nilinyamaza. Jioni wanaume walirudi na vumbi la kaburini kwenye kanzu, nikawamwagia maji ya kunawa mikono, na mmoja wao akanipa pole akasema amezikwa vizuri, talkini ilikuwa ndefu na sauti ya mwalimu ilifika mbali. Nikawaza basi na yeye ameisikia.

Hamed alikuwa mume mwema. Mwaka wa tisa wa ndoa yetu, tukila mkate wa kumimina jikoni, nilimwambia yote, kwa kuwa nilikuwa siwezi tena kuyabeba peke yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kipande chake chini. "Nyanya yangu mimi, mama yake baba, alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Walimleta mpaka Sharqiya kwa bahari. Baba anajua, sote tunajua. Ulidhani angekukataa?" Aliniuliza kwa huruma, akidhani ananiondolea mzigo. Nilitoka nikakaa juu ya ngazi za nyuma mpaka kikanikauka kichwani kitenge nilichokuwa nimekilowesha kwa joto. Nilikuwa nimemuuza Bibi kwa watu ambao hawakuwa wakinunua.

Najua Mungu hahitaji karatasi yangu, na mwalimu mmoja niliyemuuliza kwa simu, bila ya kutaja jina, aliniambia hivyo hivyo na akanitaka nisijitese. Lakini Bibi hakuniomba habari za Mungu. Aliniomba nimwandike mama yake. Ami alipohamia Ghubra alihama na fremu, akaitundika kwenye majlisi mpya ya kupokelea wageni, na miaka yote niliyomtembelea nilimkuta amekaa mahali pamoja, akiipa mgongo. Hatukuzungumza juu yake hata mara moja. Sasa yeye ameitwa kwa mama yake wa kweli, mbele ya watu, na jina hilo nimelitoa mimi kwa mdomo huu huu, upesi, bila ya kufikiri. Simwonei choyo. Ila nililala siku mbili nikiwaza kwamba huko waliko mtoto ameitikia na mama bado kanyamaza.

Siku ya tatu ya msiba, wageni walipopungua, nilimwita Salim tukakaa chini ya ile fremu nikamweleza. Nilidhani vijana wa leo mambo haya hawayajali. Aliniomba nilirudie jina mara mbili, akalisema mwenyewe taratibu mpaka likamkaa. Akauliza Bibi amezikwa wapi, nikamwambia ni makaburi yale yale walikomweka babu yake, upande wa zamani, zaidi sikujua, maana wanawake hatuendi. Kesho yake alirudi kwangu kabla ya kwenda kazini, viatu vyake vya benki vimejaa vumbi.

"Shangazi, kule ni mawe tu," akasema. "Hakuna hata moja lenye maandishi. Nimemuuliza mlinzi, naye hajui."

"Najua, mwanangu. Kwetu hatuandiki."

"Basi nikasimama katikati. Nikaita, Zuwena binti Kalunde. Nimeita mara tatu." Akainama akajipangusa viatu, kwa haya. "Nikangoja kidogo, kisha nikaondoka."

Nilimmiminia kahawa, akanywa kikombe kimoja akatikisa mkono kwamba inatosha. Nikamwomba Ijumaa arudi aite tena, na safari hii asiharakishe, angoje sana, kwa sababu Bibi aliniambia atanyamaza, nami namjua, atakuwa bado amenyamaza.